VC10 ya babu: kwa nini nyeupe yako ilitoka kama ganda la chungwa

Swali: "Shikamoo Fundi. Babu yangu alikuwa fundi wa ndege East African Airways, lile shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, pale Embakasi, Nairobi, na Desemba anatimiza miaka 85. Mjomba ameniletea kutoka Uingereza boksi la zamani la Airfix, modeli ya plastiki ya kuunganisha ya ndege ya abiria Super VC10, skeli ya 1/144 (ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), pamoja na karatasi ya dekali (alama za kulowesha na kubandika) za East African Airways aliyoinunua kando. Kabla ya kuligusa nilijifunzia kwenye ndege ndogo ya bei rahisi. Imetoka vibaya. Mshono unaonekana mgongoni toka puani hadi mkiani, rangi nyeupe imekauka kama ganda la chungwa, na dekali zina ukungu wa fedha chini yake. Nilitumia rangi ya kopo la kupuliza. Nipo Tanga, sina kompresa. Nifanyeje nisiiharibu ya babu?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo ndege ndogo iliyoharibika usiitupe, tutaihitaji mpaka mwisho wa kazi.

Umetaja kasoro tatu, lakini mimi nikizisoma naona moja tu: uso. Mshono ni uso wa plastiki ambao haukusawazishwa. Ganda la chungwa ni uso wa rangi ambao haukupata nafasi ya kutulia, kwa sababu matone yalishaanza kukauka hewani kabla ya kutua. Na ule ukungu wa fedha ni hewa iliyonaswa kwenye vishimo vya ganda hilo hilo la chungwa. Dekali ni utando mwembamba. Ukiulaza juu ya vishimo unashika vilele tu, na hewa iliyobaki chini inarudisha mwanga machoni mwako. Kwa hiyo dekali zako hazina kosa. Ukipata uso laini kwenye rangi, ukungu nao utakwisha, na rangi laini inaanzia kwenye plastiki kabla hujafungua kopo lolote.

Mjomba amekupa zawadi nzuri na mtihani mgumu kwa pamoja. Ndege ya vita ina mabaka ya kijani na kahawia yasiyong'aa, ina madoa ya moshi na matope, na vyote hivyo humsitiri fundi. Ndege ya abiria inatakiwa ing'ae kama sinki jipya. Super VC10 halisi ilikuwa na urefu wa mita 52.3 na upana wa mabawa wa mita 44.5. Kwenye 1/144 hilo ni bomba jeupe la sentimita 36, limenyooka, na mshono unapita katikati ya mgongo, pale pale jicho linapotua. Nyeupe ya kung'aa ni mmbea: mkwaruzo uliodhani umejificha utauona umeanikwa siku ya kupaka. Tutakwenda naye hivyo hivyo.

Anza na sabuni. Vipande vikiwa bado kwenye fremu yake, vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, suuza, viache vikauke vyenyewe. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na boksi la zamani limeshikwa na mikono mingi. Wewe pia, siku ya kupaka rangi, usije umetoka kujipaka mafuta ya nazi. Alama ya kidole cha mafuta hutokea chini ya nyeupe kama samaki chini ya maji.

Kukata vipande usivinyofoe kwa mkono. Kikata kucha kinatosha kama huna koleo maalumu, ila kata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, ukiacha kijishina cha milimita moja au mbili, halafu punguza kijishina kwa wembe na ukimalizie kwa msasa. Ukikata karibu kwa mara moja, plastiki huvutika na kubaki na kovu jeupe au kishimo, na kishimo ni kazi ya kujaza ambayo haikuwepo.

Hapo kuna uamuzi mmoja ufanye mapema: madirisha ya abiria. Kama kiwiliwili cha seti yako kina matundu ya madirisha na vipande vya plastiki angavu vya kubandika kwa ndani, mimi nakushauri uyazibe yote, uyasawazishe, na kutumia madirisha ya dekali. Angalia karatasi ya mjomba kama yamo. Nyingi za ndege za abiria huwa nayo. Kwenye skeli hii tundu halifanani na dirisha, linafanana na tundu. Tena kupuliza nyeupe juu ya vioo vidogo kila kimoja kikiwa kimefunikwa ni adhabu. Wako mafundi wazuri wanaopinga jambo hili, na modeli zao ni nzuri, ila hawana babu anayesubiri Desemba.

Kabla ya kufunga kiwiliwili, weka uzito puani. VC10 ina injini zake zote nne za Rolls-Royce Conway nyuma, ubavuni mwa mkia, na hata modeli ya plastiki hukaa kitako isipopewa mzigo mbele. Usibahatishe. Unganisha ndege nzima kwa tepu ya karatasi bila gundi, ilaze juu ya penseli mahali magurudumu makuu yatakapokaa, kisha weka sarafu puani mpaka ilale mbele yenyewe. Pima uzito wa sarafu hizo, ongeza kidogo, halafu tafuta chubwi za kuvulia zenye uzito huo. Tanga hukosi chubwi. Nawa mikono ukimaliza, chubwi ni za madini ya risasi, na risasi si kitu cha kulia chakula.

Na usizibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Kosa hili nimelifanya. Nilijaza chubwi ndogo ndogo kwenye pua ya ndege moja, nikamwagia gundi nyeupe, nikafunga, nikapaka, nikaiweka kabatini nikijisifu. Ilipita kama miaka miwili nikaona mshono wa pua umefunguka kama ganda la kunde. Gundi ile ikibaki imefungiwa ndani, tindikali yake huila risasi taratibu, nayo huota unga mweupe unaovimba, na plastiki haina nguvu ya kuuzuia. Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya, au supagluu. Halafu tikisa. Chubwi moja ikilegea baada ya kufunga utaisikia maisha yote.

Sasa mshono, na hapa ndipo nitakaa.

Gundi ya plastiki haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, kama kuchomelea. Kwa hiyo gundi bora kwa kiwiliwili ni ile nyembamba kama maji, kwa mfano Tamiya Extra Thin ya kifuniko cha kijani, siyo ile nzito ya mrija inayovuta nyuzi. (Ukimwagiza mtu ng'ambo, mwambie asiiweke kwenye begi la ndege. Inawaka, na hairuhusiwi.) Ukiikosa kabisa, thina kali ya rangi za magari nayo huyeyusha plastiki hii, na wako wanaoitumia kwa ncha ya brashi. Lijaribu kwanza tone kwenye ndege yako ndogo uone linavyouma. Na ukishaona, likumbuke tukifika kwenye rangi, maana rangi ya kopo ina ndugu wa thina hiyo hiyo ndani yake.

Shika nusu mbili za kiwiliwili pamoja, zikae sawa, halafu gusisha brashi yenye gundi kwenye mshono. Gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Fanya sentimita nne au tano tu kwa wakati mmoja. Hesabu mpaka kumi, kisha bana kwa vidole mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini umechomoza kando ya mshono mzima. Uzi huo ndio dawa. Wengi wakiuona huufuta kwa kidole, wakaharibu. Uache. Funga kwa tepu na mipira, sogea sentimita tano nyingine. Vidole vyako viwe mbali na ufa, kwa sababu gundi huifuata njia ya kidole chini ya tepu na kuacha alama ya dole gumba iliyoyeyushwa, na hiyo haitoki kwa kuomba.

Baada ya hapo iache siku mbili, au tatu ukiweza. Plastiki iliyoyeyuka inaendelea kunywea muda mrefu baada ya kuonekana ngumu. Ukiisawazisha jioni ile ile, mshono utazama wiki ijayo, ukiwa umeshapaka. Naamini hicho ndicho kilichokukuta.

Ikishakauka, kwangua ule uzi kwa makali ya wembe ukiuvuta kama unayepaa samaki, siyo kukata. Kisha msasa wa maji wa mafundi wa bodi za magari, unaouzwa kwa karatasi moja moja kwenye maduka ya rangi: namba 400 kuondoa mlima, 600 kusawazisha, 1000 kufuta mikwaruzo ya 600. Uloweshe, tia tone la sabuni, na ufungie kwenye kipande cha sponji ili ufuate duara la kiwiliwili. Ukisugua kwa kidole kitupu utachimba bapa, na bapa juu ya bomba linaonekana kama kipara. Pua na kile kitako cha mkia ndizo sehemu za kuangalia zaidi.

Ukiona bado kuna ufa, jaza. Pati ya magari inafaa kwa mashimo makubwa, lakini kwa ufa mwembamba mimi napendelea plastiki yenyewe: katakata vipande vya fremu iliyobaki, vitie kwenye kichupa chenye gundi nyembamba kidogo, kesho yake una uji mzito. Ukikauka ni plastiki ile ile, unasagika sawa na jirani yake. Pati ni laini kuliko plastiki, msasa huila haraka, ukaacha bonde. Uji nao una ubaya wake, unanywea, upe siku mbili.

Katika kusugua, mistari midogo ya mabati iliyochorwa kwenye plastiki itafutika. Usilie. Mstari wa upana wa milimita 0.2 kwenye 1/144 ni sawa na pengo la karibu sentimita 3 kwenye ndege halisi. Ingekuwa na pengo hilo babu yako asingeiruhusu iruke. Kwenye kiwiliwili cheupe kinachong'aa, mstari uliopotea ni afadhali kuliko mshono uliobaki.

Utajuaje kama umemaliza? Kidole hakitoshi na jicho linadanganywa, kwa sababu plastiki na pati zina rangi tofauti. Puliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu, nyembamba. Ikikauka, shika ndege karibu na taa moja, izungushe polepole, utazame ule mstari wa mwanga unaotembea mgongoni. Ukikatika au kuruka mahali, pana kasoro. Weka alama kwa penseli, jaza, sugua, puliza praima tena pale tu. Mimi hurudia mara tatu kwa kawaida. Nimewahi kufika saba. Usiende kwenye nyeupe mpaka mstari wa mwanga utembee toka puani hadi mkiani bila kujikwaa. Mwisho funika kijivu kwa praima nyeupe, maana rangi nyeupe ina uwezo mdogo wa kufunika, na ukitaka kuizima kijivu kwa nyeupe ya juu peke yake utaishia kumwaga rangi nene.

Kopo la kupuliza siyo adui. Kompresa na bunduki ndogo ya rangi vinakupa udhibiti zaidi, kweli, lakini bomba lako ni kubwa kiasi na kopo linaliweza. Tatizo ni namna ulivyolitumia, nami nabahatisha kwamba ulisimama mbali ukiogopa kumwaga. Ukiwa mbali, kwenye joto la Tanga na upepo wa baharini, thina inakimbia njiani na tone linafika limeshakuwa unga. Hilo ndilo ganda la chungwa.

Fanya hivi. Kopo liweke ndani ya maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, joto unaloweza kumwogeshea mtoto, lisizidi hapo, wala lisikaribie moto, kopo linalipuka. Rangi ikipata joto inakuwa nyepesi na matone yanatoka madogo. Litikise dakika mbili kamili. Simama sentimita 20 hivi. Anza kupuliza nje ya ndege, pita juu yake kwa mwendo mmoja, achia baada ya kuivuka; usianzie wala kuishia juu ya ndege. Mikono miwili ya kwanza, yaani tabaka mbili za kwanza za rangi, iwe vumbi tu, praima ionekane chini. Ngoja dakika kumi na tano kati ya mkono na mkono. Vumbi hilo linafanya kazi mbili: linampa shikio mkono unaofuata, na linaikinga plastiki isiumwe na thina, lile jambo nililokwambia ulikumbuke. Mkono wa mwisho ndio wa maji: polepole kidogo, karibu kidogo, mpaka uone uso umeungana na kung'aa ukiwa bado mbichi. Hapo simama. Tamaa ya kuongeza mkono mmoja zaidi ndiyo inayozaa machozi ya rangi.

Mazoezi yote haya fanya kwenye ndege ndogo. Isugue uso wake ulale, ipake tena mpaka mkono uzoee. Tena jaribu rangi na praima za makopo tofauti pamoja hapo, uone kama hazikunjani.

Halafu kuna unyevu, na huu ni wetu sisi watu wa pwani. Rangi za thina kali zikikauka, thina inayoruka inaondoka na joto la uso. Uso ukipoa na hewa imejaa maji, maji yanatua juu ya rangi mbichi kama umande kwenye glasi ya maji baridi, na rangi inageuka ya maziwa, imefifia. Kwenye nyeupe utaona mng'ao umekufa tu bila kujua sababu. Kwenye vanishi angavu utaona utusitusi. Nilipaka vanishi usiku mmoja wa masika, mvua nje, nikaamka na ndege iliyopakwa uji. Kwa hiyo hesabu yako isianzie Desemba, ianzie kwenye vuli. Nyeupe na vanishi ziwe zimekwisha kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Chagua siku kavu, kati ya saa sita na saa tisa mchana, ndani ya chumba chenye dirisha wazi lakini bila upepo wa moja kwa moja, na uvae barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Nyunyiza maji sakafuni vumbi lilale, na ukimaliza kupuliza funika ndege kwa beseni.

Usiianike juani ikauke haraka, wala usiiache ndani ya gari. Polistireni, plastiki ya modeli hizi, huanza kulegea karibu na nyuzi 100, na bawa refu lililobanwa vibaya hupinda kabla ya hapo.

Imekauka lini? Inuse. Ukisikia harufu ya rangi bado, haijakauka. Nyeupe ipe wiki nzima. Ikibaki na ganda dogo la chungwa bado inaponyeka: msasa wa maji namba 2000 kwa mkono mwepesi mpaka uso ufifie sawasawa, kisha polishi ya kukata ya magari, au dawa ya meno nyeupe isiyo jeli, kwa kitambaa cha pamba. Uangalie kwenye kona na pembeni, rangi hapo ni nyembamba na huisha ghafla.

Rangi nyingine zinafuata baada ya nyeupe. Tafuta picha za ndege hizo zilizopigwa enzi zile na ufuate picha, siyo karatasi ya boksi, kwa sababu boksi lilichorwa kwa ajili ya shirika jingine. Tepu ya karatasi ya dukani ina gundi kali. Ibandike kwanza kwenye kiganja mara mbili tatu ipunguze ukali, kisha ilaze juu ya kioo ukate ukingo mpya kwa wembe, kwa kuwa ukingo wa asili umejaa vumbi na hauko sawa. Ukishaibandika, pitisha kwanza mkono mwembamba wa nyeupe ile ile juu ya ukingo wake. Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayoingia na kuuziba, na rangi itakayofuata haitapata njia. Itoe tepu rangi ikiwa bado changa, ukiivuta kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe, si kwa kuinua juu. Ile midomo ya chuma mbele ya injini mimi huifanya kwa foili ya jikoni iliyopakwa gundi nyepesi na kusuguliwa kwa kijiti cha meno. Hakuna rangi ya fedha inayoifikia foili.

Tumefika kwenye dekali. Wewe unazo mpya, lakini kama utachukua hata alama moja ya zamani kutoka kwenye boksi, ijaribu kwanza: kata moja usiyoihitaji, iloweke. Ikipasuka vipande, zilizobaki zipulize vanishi angavu nyembamba kabla ya kuzilowesha. Zikiwa zimegeuka njano, zitie kwenye mfuko wa plastiki angavu uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua siku kadhaa. Jua huondoa njano.

Kata kila dekali karibu na mchoro wake, kwa sababu utando unaouzunguka ndio unaoshika ukungu. Iloweke sekunde kumi na tano kwenye maji ya vuguvugu, itoe, iweke juu ya karatasi ya shashi dakika moja mpaka iteleze yenyewe. Usiisukume kabla haijaachia. Paka maji kidogo kwenye ndege, hapo hapo itelezeshe toka kwenye karatasi yake, usiibebe kwa vidole. Ziko dawa mbili zinazouzwa: Micro Set ya kupaka chini na Micro Sol ya kupaka juu. Ukikosa ya kwanza, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji inaikaribia, kwani ni tindikali ile ile. Ya pili haina mbadala wa jikoni ninaouamini. Ukiipaka, dekali inakunjana kama uso wa mzee. Hapo watu hushtuka wakaigusa, ikachanika. Iache. Kwa dakika ishirini itajinyoosha na kushika kana kwamba imepakwa.

Mistari mirefu ya ubavuni usiilaze mzima. Ikate penye milango, pale kiungo kitakapojificha. Kwanza vuta tepu nyembamba iliyonyooka ubavuni iwe kama uzi wa fundi mwashi, ufuate ukingo wake, na uanzie puani pande zote mbili kwa siku moja. Pande mbili zikipishana milimita moja puani, anayeitazama ndege kwa mbele ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Viputo vya hewa vikibaki, vitoboe kwa ncha ya sindano na kutia tone la Micro Sol juu yake.

Zikishakauka siku moja, futa mabaki ya gundi kwa kitambaa cha maji, ipe siku nyingine, kisha vanishi angavu. Mkono wa kwanza uwe vumbi kabisa, maana vanishi nene ya thina kali huila dekali mbele ya macho yako. Na fundi wa magari akikushauri vanishi ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), inang'aa kweli kama gari jipya, lakini mvuke wake unaumiza mapafu kwa namna isiyosahaulika, na barakoa yako haitoshi. Mwambie ahsante. Magurudumu, vioo vya rubani na antena viwe vya mwisho. Vioo hivyo ndipo gundi nyeupe ya mbao inapofaa, kwani supagluu hutoa moshi unaoacha ukungu juu ya plastiki angavu.

Limebaki moja ambalo haliko kwenye boksi. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano, za kuanzia 1966: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Herufi hizo zinaonyesha zilivyogawanywa kwa usajili, 5X Uganda, 5H Tanzania, 5Y Kenya. 5H-MOG, iliyopokelewa 1970, ndiyo iliyokuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa kati ya 54. Karatasi ya dekali huenda ikakupa nafasi ya kuchagua. Wewe wa Tanga utavutwa na 5H, na ni haki yako. Ila babu ameshika ndege hizo kwa mikono, pengine ana moja aliyoipenda na moja iliyomsumbua. Na 5X-UVA iliungua Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 wakati wa kuruka, watu 43 kati ya 107 wakafa. Kabla hujalowesha herufi yoyote, keti naye jioni moja bila kumwonyesha boksi, umuulize habari za VC10, na usikilize ni namba gani itakayotoka mdomoni mwake kwanza.